Si jini, ni grainda: maswali yenu kuhusu masikio

Kazi yangu ni utafiti wa maradhi ya sikio hapa Kampala. Ujumbe umekuwa mwingi, najibu ninaoweza.

Daktari, salaam. Mimi ni fundi wa vyuma Katwe. Usiku nasikia mlio kama wa nyenje, mke wangu hasikii chochote. Mama mkwe anasema ni jini.

Mwambie mama mkwe, kwa heshima, kwamba jini hahusiki. Ndani kabisa ya sikio kuna mrija uliojikunja kama konokono, umejaa maji, na humo mna seli zenye vinywele, kama 15,000 kwa kila sikio. Sauti hutikisa maji, maji huvilaza vinywele, seli hupeleka habari kwenye ubongo. Kelele ya grainda, ile mashine yenu ya kukatia vyuma, hulaza vinywele mpaka vinavunjika. Ubongo ukikosa habari kutoka upande huo, hujitungia mlio wake wenyewe. Ndivyo wengi wetu tunavyoamini.

Mpaka wa usalama ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8. Ikiongezeka desibeli 3 tu, muda hukatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Kwenye 100, ambako grainda hufika bila shida, una dakika 15. Tafuta vizibo vya masikio vya sponji au vile vikubwa vya kufunika sikio zima. Pamba kavu mnayosokota na kujaza sikioni haizuii kelele ya kutosha.

Babu hasikii vizuri. Bibi hucheka na kusema sikio la kufa halisikii dawa. Sasa nyinyi mnatafiti nini? (Bombo)

Bibi amesema kweli kuhusu binadamu, ila kuhusu kuku amekosea. Zile seli zenye vinywele zikifa kwetu hazioti tena. Lakini mwaka 1988 watafiti wa Marekani walieleza jambo la ajabu: vifaranga waliopigiwa kelele kali mpaka seli zao zikafa walionekana baada ya muda mfupi wakiwa na seli mpya. Seli za jirani, ambazo kazi yake ni kushikilia tu, ziligawanyika zikajaza pengo. Sisi tunazo seli za kushikilia pia, ila zimekaa kimya. Tangu hapo swali ni moja: kitu gani kimezizima, na zinawashwaje? Dawa ya kuotesha seli hizo bado haijafika hospitalini, na anayekuuzia chupa yake leo ni mwongo. Mimi nikimwona jogoo anaparua uani, namwonea wivu.

Kabla ya yote, babu achunguzwe nta. Wapo wazee wengi walioitwa viziwi kumbe wana donge gumu mlangoni mwa sikio. Kama si nta, kifaa cha kusikia kitamsaidia kuliko mnavyodhani, mradi akivae, asikifungie kabatini.

Mnapimaje? Mtu si anaweza kudanganya?

Anaweza, na hudanganya. Tunakuvisha hedifoni, unasikia mlio mdogo, unabonyeza kitufe. Tunapima kuanzia mlio mzito wa hezi 250 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti) hadi ule mwembamba wa 8,000. Mzee mmoja alibonyeza mfululizo hata kabla sijawasha mashine, hakutaka mkewe ajue. Mtoto mchanga ndiye hadanganyi. Mwaka 1978, David Kemp wa London alionyesha kwamba sikio lenye afya hutoa sauti lenyewe, kama mwangwi hafifu. Basi tunaingiza kijirija sikioni mwa mtoto akiwa amelala, tunapiga milio midogo, tunasikiliza mwangwi. Usipopatikana, anapimwa tena.

Mwanangu anatoka usaha sikioni mwaka wa pili. Jirani anamtia mafuta ya moto.

Mafuta yaachwe leo. Kiwambo cha sikio kimetoboka, kwa hiyo chochote unachomimina kinaingia ndani. Sokota kitambaa safi cha pamba, kiingize taratibu kinyonye usaha, kitoe, rudia mpaka kitoke kikavu. Kisha matone ya antibiotiki aliyoandika daktari. Asiogelee. Akipata homa, maumivu makali ya kichwa au uvimbe nyuma ya sikio, usingoje asubuhi: usaha huo unaweza kupanda hadi kwenye ubongo.

Kwinini iliwahi kunivumisha masikio. Nimeharibika?

Mara nyingi mvumo wa kwinini huisha dawa ikiisha. Za kuogopa zaidi ni sindano za aina ya streptomaisini na jentamaisini, ambazo zinaweza kuua kabisa zile seli zenye vinywele. Ukidungwa hizo, omba upimwe masikio.

Vijiti vya pamba?

Hapana. Husukuma nta ndani.

Mtarudi lini kupima watoto wa shule yetu?

Mvua zikipungua. Mara ya mwisho ilinyesha tukiwa na watoto kumi kwenye foleni, na chini ya mabati yenu hata mimi sikusikia mlio wa mashine yangu.