Mama ananiambia nisome kwanza, wenzangu wananiita msaliti

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Kisumu, ingawa kwetu ni Njoro, kaunti ya Nakuru, ambako mama huuza viazi kando ya barabara. Nilipokuwa shule ya upili sikujali siasa, lakini hapa siwezi kuikwepa, kwa kuwa kila jioni tukiketi kula kwenye kibanda kilicho nje ya lango, mazungumzo huanza na karo na kuishia kwa serikali jumuishi, ile ya chama cha Rais na cha upinzani. Naamini maandamano ya Juni 2024 yalikuwa ya haki, ila sikupendezwa na uporaji wa maduka uliotokea katika baadhi ya miji. Naona pia kwamba mfumo wa kufadhili masomo una kasoro, maana nimewekwa katika kundi la nne, la familia zinazohesabiwa kuwa na uwezo, ilhali mama hana mshahara, lakini siwezi kusema kwamba kila linalofanywa na serikali ni baya. Nikitoa maoni haya, wenzangu huniita msaliti, na mmoja alinikatiza kwa kuniuliza jina langu la tatu, ili ajue kabila langu. Nikiyaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, mama hunipigia simu usiku akinisihi niyafute, akisema nisome kwanza, siasa nitaikuta. Je, msimamo wangu ni wa uoga? Na nijisajili kupiga kura wapi, Kisumu au Njoro?
(Mwanafunzi, Kisumu)

JIBU: Binti yangu, sioni uoga katika barua yako. Ninachokiona ni kwamba umetaja mambo matatu yasiyofanana, yaani maandamano, karo na ukabila, na wenzako wanakudai jibu moja kwa yote. Usikubali. Anayeunga mkono maandamano na kulaani uporaji hajajipinga, kwa sababu Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Huo ndio msimamo wako, na umeandikwa katika sheria kuu ya nchi.

Kuhusu Juni 2024, watu wengi hukumbuka Juni 25, siku Bunge lilipovamiwa na vijana wakapigwa risasi, na kusahau yaliyotangulia. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza, miongoni mwa mengine, ushuru wa ziada ya thamani (VAT) wa asilimia 16 kwa mkate na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Vijana waliusoma kipengele baada ya kipengele, wakaueleza kwenye simu kwa Kiswahili, kwa Dholuo, kwa Kikuyu na kwa lugha nyingine ambazo nyanya zao wanazielewa. Juni 18, walipoingia barabarani mara ya kwanza, mapendekezo hayo mawili yaliondolewa. Wiki moja baadaye wabunge 195 waliupitisha mswada uliosalia dhidi ya 106 walioupinga, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Kwa maoni yangu, kilichoyatofautisha maandamano yale na mengi ya zamani ni huko kusoma kwanza, wala si wingi wa watu, kwa maana mwanasiasa hakuweza kuwageuza watu waliojua wanachokataa ni kipengele gani. Kwa hiyo mwenzako akikuita msaliti, muulize mbunge wa kwao alipiga kura upande gani siku ile. Nashuku wengi hapo kibandani hawajui, na wengine watashangaa wakiambiwa.

Suala la karo ndilo ambalo ningekushauri ulishikilie kwa nguvu, kwa sababu linakuhusu wewe na unaweza kulithibitisha. Mfumo ulioanzishwa mwaka 2023 uligawa familia katika makundi matano kulingana na uwezo, na kwa mpangilio huo familia ya kundi la kwanza ilitakiwa kuchangia asilimia 5 ya gharama, ya kundi la nne asilimia 30 na ya kundi la tano asilimia 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo mwaka uliofuata. Kwa hiyo hata majaji wamebishana juu ya jambo hili, na hupaswi kuona haya kuwa na shaka. Ila usingoje mahakama. Kama hujakata rufaa kuhusu kundi ulilowekwa, ikate, uambatishe barua ya chifu na ushahidi wowote wa kipato cha mama, na uhifadhi nakala ya kila unachotuma. Nimeona wanafunzi wanaojua kuihutubia kamera kuhusu karo kwa dakika kumi na ambao hawajawahi kuandika barua moja ya malalamiko.

Sasa mama yako. Usimdhanie mtu asiyeelewa siasa, kwani huenda anaielewa kuliko wewe na mimi. Njoro na Molo zilishuhudia mapigano ya kikabila katika miaka ya tisini, na Januari 2008 Nakuru na Naivasha ziliingia katika machafuko ambayo kote nchini yaliua zaidi ya watu 1,100. Mtu aliyeishi humo anajua kwamba maoni ya kisiasa yakishabandikwa jina la tatu, hayabaki maoni tena. Na mwishoni mwa 2024 vijana kadhaa walioikosoa serikali mtandaoni walitekwa nyara, kwa hiyo simu yake ya usiku ina sababu mpya pia. Mwambie kabla hujaandika, si baada. Badala ya kutoa hukumu kwenye kundi la ukoo, weka kipengele chenyewe cha sheria na useme kitamgusa nani pale Njoro, kisha uache wajomba wabishane.

Huyo aliyekuuliza jina naye ana historia nyuma yake, ingawa haimpi ruhusa. Oktoba 25, 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali kuu hapa Kisumu, ghasia zilizuka na risasi zikafyatuliwa kwenye umati, na muda mfupi baadaye KPU, chama cha upinzani cha Oginga Odinga wa huku, kikapigwa marufuku. Familia nyingi za hapa bado zinasimulia siku hiyo. Tangu ODM, chama cha Raila Odinga, itie saini makubaliano na UDA, chama cha Rais Ruto, Machi 2025, na hasa tangu Raila afariki Oktoba mwaka huo, vijana wa huku nao wamegawanyika, na kila upande unautafuta usaliti kwa mwingine. Usijibu swali la jina. Rudisha mazungumzo kwenye karo, maana hapo nyote mnadaiwa.

Kuhusu kura, uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na utajisajili mahali pamoja tu, kwa kitambulisho au pasipoti. Utapiga kura sita, na baadhi yake, kama ya gavana na ya mwakilishi wa wadi, zinahusu mambo ya mtaani kama soko na zahanati. Mama yako atakuwa Njoro mwaka 2028, lakini wewe hujui utakuwa wapi, kwa hiyo ningechagua Njoro. Weka nauli kando mapema, kwa sababu hakuna atakayekupigia kura kwa niaba yako ukibaki Kisumu. Ukibadili nia unaweza kuomba kuhamisha usajili, ila shughuli hiyo husitishwa uchaguzi ukikaribia.