Maswali ya Wasomaji: Winga Anayekimbia Mita 100

Kijana wangu wa kidato cha tatu ni winga wa timu ya shule, na hukimbia mita 100 na 200. Mwalimu wa michezo ataka achague moja. Mjomba wake aliye Marekani asema kuna mtu aliyecheza futiboli yao na bado akapata medali ya mbio Olimpiki. Ni kweli? Na mwanangu aweza kushika yote mawili?
*Mama, Barani, Malindi*

Mjomba hakutia chumvi, mama. Bila shaka amtaja Ollie Matson. Mwaka 1952 kule Helsinki alipata shaba ya mita 400 na fedha ya kupokezana vijiti 4x400, na mwaka huohuo akaanza kuchezea Chicago Cardinals, timu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mkononi. Mwaka 1959 Los Angeles Rams walimchukua kwa kubadilishana na wachezaji tisa, mtu mmoja kwa tisa!

Alikuwa raningi beki, yaani yule anayekabidhiwa mpira mkononi nyuma ya ukuta wa wenzake, kisha atafute upenyo. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kwa hiyo mbio ya yadi nne au tano tayari ni nzuri. Humo kasi ya mita 400 haina nafasi. Kinachotakikana ni hatua za kwanza, kiwiliwili kikiwa chini, na kugeuka ghafla. Kasi ya Matson ilionekana alipotoka nje ya msongamano. Bob Hayes, bingwa wa mita 100 Tokyo 1964, alipoingia Dallas Cowboys mwaka uliofuata, walimpanga apokee pasi ndefu, penye uwanja wazi.

Winga wa soka naye hutumia kasi yake penye uwanja wazi, kwa hiyo tusingemlazimisha kijana achague sasa. Kinachowaumiza vijana ni ratiba: Alhamisi mita 200 kwa nguvu zote, Jumamosi mechi, na msuli wa nyuma ya paja unachanika.

Ikiwa mechi ni Jumamosi, Jumatatu akimbie mita 20 mara sita, apumzike dakika mbili hadi tatu kila baada ya mbio. Zoezi hili lafaa michezo yote miwili. Jumatano apandishe kasi kwa mita 20, kisha mita 20 nyingine kwa nguvu zote, mara nne, mapumziko dakika tano. Walimu wengi huzikata hizo dakika tano wakidhani kijana anazubaa. Zikikatwa, anazoeza pumzi, kasi haiongezeki. Alhamisi na Ijumaa ni mpira tu, tena mwepesi.

Jumatatu baada ya mbio, kamwe si kabla, apige magoti kwenye mkeka, mwenzake amshike vifundo vya miguu, ajishushe mbele polepole bila kukunja kiuno hadi mikono iguse chini. Aanze na mara tano, seti mbili. Siku mbili za kwanza paja litauma. Hilo ni la kawaida. Maumivu ya ghafla, kama kuchomwa, akiwa mbioni, si ya kawaida: asimame hapohapo, asijaribu "kuyakimbiza yatoke".

Ufuoni asikimbie kasi kwenye mchanga mkavu. Mguu huzama, na kano ya kisigino ndiyo hulipa. Maji yakipwa, mchanga mbichi ni mgumu na mzuri, ila umeinama upande wa bahari. Akienda mbio moja kuelekea kaskazini, inayofuata arudi kusini, mguu mmoja usibebe mzigo wote.

Raga pia ni njia, akiipenda. Mkenya Ferdinand Omanyala alitokea huko kabla ya kukimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 Kasarani mwaka 2021.

Yadi 40 wanazopimia wachezaji Marekani ni mita ngapi, na nimpime vipi mdogo wangu?
*Msomaji, Mkomani, Lamu*

Ni mita 36.58. Pima kwa futikamba, usihesabu hatua. Mwenye saa asimame mstari wa mwisho, aibonyeze mkimbiaji anapotikisika mara ya kwanza, kwani pale hawangoji mlio wa bastola. Kwa sababu hiyo usiilinganishe na mita 100: muda wa kuusikia mlio haumo, na saa inayobonyezwa kwa mkono huonyesha muda mfupi kuliko ya umeme, kama sekunde 0.24 hivi. Mpime mara tatu, upepo ukiwa umetulia, uandike muda wa katikati.