Kwa wewe unayeanza kuimba raga, miundo ya sauti ya muziki wa jadi wa India

Kabla hujafungua mdomo, kaa na tanpura, ala ya nyuzi inayovuma nyuma ya mwimbaji. Ina nyuzi nne, na chini ya kila uzi, pale unapopita juu ya kidaraja, pana kipande cha uzi wa pamba. Kisogeze kidogo mno, hata upana wa ukucha usifike. Sauti iliyokuwa kavu itaanza kuvuma kama nyuki mzingani. Ukiupata huo mvumo, usiguse tena. Mimi niliimba miezi mizima na tanpura iliyolegea bila kujua, sikio likazoea kosa, na kulizoesha upya kuliniuma kuliko somo lolote.

Pili, raga moja. Nilianza na Yaman, nikitarajia wimbo. Nilipewa sauti tatu tu, kwa majina ya noti za Kihindi: Ni, Re, Ga. Unatoka Ni ya chini, unairuka Sa, noti ya msingi, unafika Ga na kukaa hapo mpaka pumzi iishe. Wiki ikapita, nyingine ikaja, bado Ni, Re, Ga. Nilidhani nacheleweshwa. Siku moja Ga ile ikakaa ndani ya mvumo wa tanpura, nikashindwa kutofautisha ipi yangu na ipi ya nyuzi. Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nafundishwa nini.

Hiyo ndiyo njia ya Kirana, mojawapo ya shule za uimbaji wa India, na aliyenifanya niipende ni mwimbaji Gangubai Hangal, aliyezaliwa Dharwad, kusini mwa India, mwaka 1913. Alikuwa akipanda treni kutoka Hubli hadi Kundgol kwa mwalimu wake, Sawai Gandharva, mwanafunzi wa Abdul Karim Khan. Kifungu kimoja alikirudia na kukirudia kabla ya kupewa kingine. Kwa mwalimu huyo huyo alisoma mwimbaji Bhimsen Joshi, ambaye mwaka 1933, akiwa na miaka 11, alitoroka kwao Gadag na kuzunguka hadi kaskazini ya India akitafuta wa kumfundisha. Mwalimu aliyemfaa alikuwa jirani tu na kwao. Kwa hiyo usidharau aliye karibu nawe kwa kuwa hana jina. Msikilize kwanza anavyoishika Sa.

Sasa sauti yako. Santuri za ujana wa Gangubai zina sauti nyembamba ya juu. Baadaye aliugua koo, akatibiwa, na sauti ikashuka ikawa nzito hata wasiomwona wakadhani ni mwanamume. Hakujilazimisha kurudi juu. Aliimba kwa uzito huo huo hadi uzeeni, na mwaka 2002 nchi yake ikampa nishani ya Padma Vibhushan. Nakuomba sana: usiige sauti ya mwalimu wako. Tafuta Sa isiyokukaba, tanpura ifuate hiyo.

Alfajiri, kabla ya chai, shuka sauti za chini polepole kwa nusu saa. Koo likikwaruza, nyamaza, piga nyuzi tu na usikilize. Hayo nayo ni mazoezi.