Kadi yangu ya benki anayo mkopeshaji na mume wangu hajui

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilaya ya Mkuranga, nina watoto wawili, mume wangu anaendesha bajaji. Baada ya makato ya benki na bodi ya mikopo nabaki na 430,000. Mama aliumwa ghafla nikakopa laki tano kwa kausha damu, hawa wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, riba asilimia 30 kwa mwezi, kadi yangu ya ATM akachukua yeye na namba ya siri nikampa. Saivi ni mwezi wa nane, mshahara ukiingia anatoa 150,000 yake ndo ananipa kinachobaki, na laki tano yake iko palepale. Nikaanza kukopa kwenye aplikesheni za simu ili nifike mwisho wa mwezi, ziko tatu jumla 180,000, zinanitumia meseji za matusi na wiki iliyopita wamemtumia mkuu wangu wa shule. Nina deni la Songesha ya M-Pesa 40,000, kikoba nadaiwa 300,000 na duka la Mangi 95,000. Mume wangu anajua mshahara unaliwa na benki tu. Shangazi, niongeze mkopo benki nilipe wote au niuze kiwanja chetu cha Kisemvule kimyakimya? Silali. – Mwalimu, Mkuranga*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya mama na pole ya hizo meseji, manake kudaiwa ni kitu kimoja, kudhalilishwa mbele ya mkuu wako wa kazi ni kingine kabisa na hakuna aliyepewa ruhusa ya kukufanyia hivo hata kama unadaiwa.

Nimeisoma barua yako nikiwa na kalamu mkononi, nimejumlisha. Ukiacha mkopo wa benki ambao unajikata wenyewe, unadaiwa 1,115,000. Sijui kama umewahi kuiandika hiyo namba sehemu moja, nadhani hapana, watu wengi wanaoniandikia wanajua deni mojamoja lakini jumla wanaiogopa, inakuwa kubwa kichwani kuliko karatasini. Milioni moja na laki na kumi na tano elfu. Ni hela nyingi kwa mshahara wako, sikatai, lakini si hela ya kuuzia kiwanja.

Tuanze na huyo wa kausha damu kwa sababu yeye ndo anayekumaliza, wengine wote wamekuja kwa sababu yake. Miezi nane mara 150,000 ni milioni moja na laki mbili, umeshamlipa zaidi ya mara mbili ya alichokupa na bado anasema laki tano hujaigusa. Sasa sikiliza, Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tano hiyo ni 17,500. We unalipa 150,000. Na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mtu kufanya biashara ya kukopesha bila leseni ni kosa, kwaiyo huyo bwana akikutishia polisi usitetemeke, muulize kwa upole leseni yake iko wapi, uone kama ataendelea kuongelea polisi.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya kulipa mtu yeyote, ni kadi. Kesho ukitoka shule nenda tawi la benki yako na kitambulisho cha NIDA, waambie kadi haiko mikononi mwako na mtu mwingine anajua namba ya siri, waizuie na wakupe mpya. Watakuelewa haraka, namba ya siri ni yako peke yako na benki yoyote itakuambia hivo. Fanya hivi kabla mshahara haujaingia, usisubiri tarehe. Na usimtaarifu kwanza, utamtaarifu ukiwa na kadi mpya mkobani.

Ukishaipata ndo unaenda kuongea naye, na usiende peke yako, nenda na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa au mtu mzima anayeheshimika hapo kwenu. Mi kwa moyo wangu naona huyu umeshamlipa, lakini nataka ulale usiku, na nataka karatasi yoyote uliyosaini siku ile uirudishe mkononi mwako. Wengi wao wanawasainisha watu hati ya kuuziana, eti umemuuzia friji au kochi au hata kiwanja, sijui kama na we ulisainishwa maana hukuandika, kama ndiyo basi hapo usijibizane naye, mtafute msaidizi wa kisheria, wapo kwenye kata nyingi na huduma yao ni bure, aisome hiyo hati kabla hujatoa hata shilingi. Kama hamna hati ya namna hiyo, mwambie nalipa laki tano yako ya msingi nzima kwa mkupuo, riba basi, na tunaandikishana mbele ya huyu mzee kwamba hatudaiani. Mara nyingi wanakubali, wao riba wameshakula.

Laki tano ya mkupuo inatoka wapi, ndo tunarudi kwenye swali lako la benki.

Mi siyo mtu wa kushangilia mikopo, lakini kuna tofauti kubwa kati ya deni na deni. Riba ya mabenki yetu inazungukia kama asilimia 15 kwa mwaka, ya huyo bwana ni 30 kwa mwezi. Kuhamisha deni kutoka kwake kwenda benki ni akili, mradi uhamishe deni hilo tu. Chukua 700,000, usichukue zaidi. Inamaliza kausha damu na zile aplikesheni tatu, jumla 680,000, kinachobaki ni cha ada na bima maana hivyo vinakatwa juu kwa juu kabla hela haijakufikia, na waulize mapema ni shilingi ngapi ili isije ikapungua. Kwa miezi 36 rejesho lake ni kama elfu 25 hivi kwa mwezi. We saivi unatoa 150,000 kwa mmoja tu na hizo aplikesheni nazo zinakula zake, we mwenyewe ona.

Ila hapo benki kuna mtego na nataka uuone kabla hujakaa kwenye kile kiti. Afisa mikopo atafungua mfumo atakuambia mwalimu mbona unaweza kupata hata milioni nne, mshahara wako unaruhusu, na we una shida, moyo utaruka. Kataa. Alafu muulize swali moja, mkopo wangu wa zamani umebaki miezi mingapi, na nikiongeza hii laki saba utakuwa miezi mingapi? Manake mara nyingi wanaufunga ule wa zamani wanafungua mpya mmoja, na deni lililobakiza mwaka na nusu linageuka la miaka sita au saba bila we kujua, rejesho linaonekana dogo ukafurahi. Kama itakuwa hivyo, nenda SACCOS ya walimu kama we ni mwanachama, uulize mkopo wa dharura, unakuwa mfupi na unajulikana mwisho wake. Na kumbuka mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi baada ya makato yote, kwaiyo angalia salari slipu yako kwanza kama nafasi ipo.

Kiwanja acha. Mlinunua wawili, kukiuza kimyakimya utakuwa umelipa deni la laki tano kwa deni ambalo halilipiki.

Aplikesheni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha watu bila leseni, angalia kama zako zimo, na kwenye tovuti yao angalia pia wenye leseni ni akina nani. Ulichokopa utalipa, kufuta aplikesheni kwenye simu hakufuti deni. Lakini zile meseji kwa mkuu wa shule usizifute, piga skrinshoti zote, zenye namba na tarehe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na kuna Tume yake, kuchukua majina kwenye simu yako na kuwatangazia watu deni lako ni jambo unaloweza kulilalamikia pale, na Benki Kuu pia. Ingia kwenye mipangilio ya simu uzizuie zisione majina na picha zako. Na jioni ya leo andika meseji moja fupi, watumie ndugu na wafanyakazi wenzako wa karibu: "Kuna wakopeshaji wa mtandaoni wanawatumia watu meseji za kunichafua, deni nalilipa, naomba mpuuze." Ukishasema mwenyewe wanakosa cha kukutishia nacho. Mkuu wa shule nenda ofisini kwake umwambie ana kwa ana, dakika tano tu, amewaona walimu wengi kwenye hali hii.

Songesha yenyewe inasaidia ukikwama elfu mbili sokoni, shida ni ukiishi ndani yake, kila hela ikiingia kwenye laini inakatwa kwanza, alafu unakopa tena jioni ileile. Lipa hiyo 40,000 mshahara ujao yote, alafu piga huduma kwa wateja wakutoe kwenye huduma.

Kikoba endelea nacho, 60,000 kwa mwezi miezi mitano imeisha, hao ni watu wako na riba yao inarudi kwako mkivunja Desemba. Mangi mfuate umwambie ukweli, utampa 20,000 kila mwezi na kuanzia leo daftari limefungwa, unanunua kwa hela taslimu. Mwezi wa kwanza ukimaliza Songesha utabanwa kweli, huo mwezi sikudanganyi, ila kuanzia wa pili utakuwa na kama 325,000 ya kula na nauli na shule, hapo sijagusa hela ya bajaji.

Na matumizi hayohayo ya kila siku yana mahali pa kubana bila watoto kulala njaa. Mshahara ukiingia nunua sokoni unga, mchele, maharage, mafuta na sabuni vya mwezi mzima, hivi vya kupima kila siku dukani, mafuta ya mia tano, sukari ya robo, vinakula hela nyingi kuliko unavyodhani. Toa hela kwa wakala mara moja au mbili kwa mwezi, si kila siku elfu tano elfu tano na makato yake. Umeniandikia barua nzima hukutaja michango, lakini mwalimu kama wewe najua simu yako ina magrupu ya WhatsApp ya harusi, sendoff, kitchen party na sare za vitenge. Hapo ndo pagumu kuliko hata kausha damu maana ni watu unaowapenda. Mwaka huu toa kwenye msiba na kwa ndugu wa damu tu. Wengine waandikie mapema "sitakuwa na mchango ila nitakuja kusaidia kupika", na uende kweli upike. Atakayenuna atanuna, grupu unaweza kutoka.

Nimeliacha la mume mwisho lakini ndilo lililonikaa moyoni. Mwanangu, umebeba haya miezi nane peke yako, kila mshahara unamdanganya mtu mnayelala kitanda kimoja, hiyo ndo inayokunyima usingizi kuliko hizo hela. Deni lilianza kwa kumtibu mama yako. Si ulevi wala si kubeti. Hilo lazima alisikie.

Chagua siku asiyoenda barabarani, watoto wakiwa wamelala au kwa jirani. Simu zima. Uwe na ile karatasi, madeni yote, kila jina na kila shilingi, na jumla chini. Mtajie jumla kwanza, kabla ya maelezo, na usipunguze hata elfu kumi, maana akija kugundua ulificha kidogo hata ukweli wote uliobaki hatauamini. Alafu mweleze la mama, la kadi, na mpango. Anaweza kukasirika, anaweza kukaa siku mbili haongei. Mwache akasirike, usimjibu kwa "na wewe je". Ila kama unamjua ana mkono mwepesi na unaogopa kupigwa, usikae naye peke yako, muite mshenga wenu au mzee wa upande wake anayemsikiliza, na kama hali ni mbaya zaidi ya hapo kituo cha polisi kuna dawati la jinsia.

Mkikubaliana, muombe kitu kimoja tu cha hela, 5,000 ya bajaji kila siku anayofanya kazi, iwekwe kwenye akaunti au laini isiyo na mkopo wowote. Hiyo ndo ya siku mtoto akiugua usiku, ili usirudi tena kugonga mlango wa yule bwana.

Niandikie ukishapata kadi mpya. Na kama ulisaini hati, niambie imeandikwa nini.

Shangazi