Maswali Yenu: Mwanajeshi wa zamani aliyekufa akiwa polisi

SWALI: Shemeji yetu alitumikia jeshi la Marekani, akatoka kwa heshima, kisha akawa polisi hukohuko. Ameuawa akiwa zamu. Idara yake inaandaa mazishi. Je, heshima za kijeshi nazo zitakuja zenyewe?

JIBU: Poleni sana. Haziji zenyewe. Polisi hupanga za kwao. Za jeshi huombwa na familia, kwa kawaida kupitia nyumba ya mazishi, na kinachotakiwa ni DD 214, hati ya kutoka jeshini. Hapo ndipo wengi hukwama: hati imo kwenye sanduku asilolijua mtu, na mazishi ni keshokutwa. Itafuteni leo, hata kabla ya kuchagua jeneza. Ikikosekana, semeni mapema. Kumbukumbu za jeshi hutunzwa St. Louis, na maombi ya mazishi hutangulizwa.

Sheria inawapa wanajeshi wasiopungua 2 wenye sare, angalau 1 wa tawi la jeshi alilotumikia marehemu. Watakunja bendera na Taps, wimbo wa kuaga, utapigwa, noti 24 tu za tarumbeta. Mpigaji asipopatikana, rekodi inaruhusiwa, kwa hiyo ulizeni mapema.

Bendera hutandikwa juu ya jeneza, eneo la nyota likiwa kichwani, upande wa bega la kushoto. Haishushwi kaburini wala haigusi ardhi. Hukunjwa mara 13 hadi ibaki pembetatu ya buluu. Nyekundu ikichungulia, mkunjo umekosewa.

Serikali hutoa bendera 1 tu bila malipo, kwa fomu 27-2008 ya idara ya wanajeshi wa zamani (VA). Kama mama na mjane wote wanaitarajia, yamalizeni nyumbani, si mbele ya kaburi. Ulizeni kama idara italeta ya pili.

SWALI: Tukienda Washington, jina lake tutalionaje?

JIBU: Mnara wa kumbukumbu ya polisi uko Judiciary Square, tangu 1991. Msitafute kwa alfabeti, maana majina hayakupangwa hivyo. Tafuteni kwanza namba ya ubao, upande wa ukuta na mstari. Majina mapya huchongwa kila majira ya kuchipua na kusomwa usiku wa Mei 13, kwa mishumaa. Bebeni karatasi nyembamba na penseli laini: karatasi juu ya jina, penseli ilazwe ubavu, isugue polepole. Kalamu ya wino itachafua jiwe.

SWALI: Bendera hushushwa nusu mlingoti kila Mei 15?

JIBU: Siku hiyo ya kuwakumbuka polisi ilianza 1962, kushusha bendera kukaingia sheriani 1994. Ila sheria ina kipengele kimoja: Mei 15 ikiangukia Siku ya Majeshi, yaani Jumamosi ya tatu ya Mei, agizo la kushusha halitumiki. Kwa familia yenu, yenye marehemu wa pande zote mbili, siku hizo zitakutana 2027.