Wekundu kwenye picha ya delta ya Rufiji

Kuna aliyeuliza kama wekundu unaoonekana kwenye picha ya satelaiti ya delta ya Rufiji ni tope au uchafu wa viwandani. Hapana, huo wekundu si tope wala uchafu wa viwandani, ni mikoko. Majani mabichi huakisi kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Satelaiti huunasa, kisha kwenye picha unapewa rangi nyekundu. Nafundisha jiografia hapa Moshi, na picha za aina hiyo za Mlima Kilimanjaro ziko hivyo hivyo: msitu wa juu ya Marangu mwekundu kabisa, barafu ya Kibo nyeupe. Tope lenyewe ni ile samawati iliyofifia midomoni mwa mto, upande wa kuelekea Mafia. Ila ukipata picha ya rangi za kawaida, mikoko itakuwa ya kijani kilichokoza na maji ya tope yatakuwa ya kahawia.