Muulize Fundi: Fenda zimekuwa rangi ya majivu

SWALI: Fundi habari ya kazi. Niko Nakuru upande wa Lanet na niko na Jimny Sierra ya 2018 niliyoagiza kutoka Japani. Injini haina shida, rangi ya bodi bado inang'aa, lakini zile plastiki nyeusi za juu ya magurudumu, chini ya bampa na ile ya pale waipa zinakaa, zote zimeparara hadi mtu aliniuliza kama gari ililala kwa jivu. Nikiosha, vijana wananipakia dawa ya kung'arisha tairi, gari inatoka hapo kama mpya, mvua moja tu naona michirizi kwa milango na plastiki imerudi vile ilikuwa. Mmoja ameniambia nipake dizeli, mwingine ati nichome na hewa moto, na shemeji yangu anasema nipulizie rangi nyeusi nimalize hii maneno. Nisikie nani?
— Mwenye Jimny, Lanet

JIBU: Ndugu yangu, kwanza usinunue kitu. Chukua maji kwa kikombe umwagie hiyo fenda uangalie. Ikikuwa nyeusi ikiwa imelowa halafu ikikauka inarudi kijivu, hapo tuko sawa, weusi wake bado uko ndani. Ikibaki na weupe hata ikiwa imelowa, ama kuna kitu kimeganda juu yake ama ngozi yake imekwisha, na hiyo nitaigusia hapo mbele.

Unajua hiyo plastiki haijapakwa rangi. Nyingi ya hizo za nje ni polipropilini imechanganywa na mpira kidogo ndio isipasuke ukigonga kitu, mara nyingi na unga wa talki wa kuipa ugumu, na weusi ni masizi laini yaliwekwa ndani tangu kiwandani. Sasa miale ya jua inakatakata plastiki pale juu juu tu, ngozi inapata nyufa ndogo sana huwezi kuziona, mwanga ukigonga hizo nyufa unatawanyika kila upande na jicho lako linaona kijivu. Maji yakijaza nyufa mwanga unapita, ndio unaona nyeusi. Hapo ndipo dawa ya tairi inakuchezea, kwa sababu inafanya kazi ile ile ya maji, tofauti ni inachelewa tu kutoka.

Na usiilaumu Suzuki sana. Tokyo iko karibu digrii 35 kaskazini ya ikweta, sisi ikweta inapita hapo Maseno na Nakuru haijafika hata nusu digrii kusini yake. Tena Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 ile miale inayochoma inaongezeka kama asilimia 10 hivi. Yaani gari imetoka mahali jua lina msimu ikaletwa mahali jua ni kazi ya mwaka mzima, na bado unaiegesha nje ya ofisi kutoka asubuhi mpaka jioni.

Dizeli sasa. Niliwahi kuipaka mimi mwenyewe, kwa Pajero, siku ya kwenda kuchukua wageni wa harusi, na ilitoka nyeusi hadi nikajisifu. Kufika Gilgil na lile vumbi jeupe la upande wa Kariandusi, wenye wanajua wanajua, pale wanachimba diatomaiti, fenda zote zilikuwa zimevaa unga kama mandazi. Bibi mmoja wa heshima akaegemea gari akatoka na doa kwa gauni, na hilo doa nalisikia mpaka leo kila tukikutana kwa sherehe. Zaidi ya aibu, mafuta ya petroli na dizeli yanafurisha ile mipira ya milango na madirisha, ikifura inalegea, na maji yanapata njia. Mafuta ya kupikia pia wacha, yanaoza na kunata. Kuna wale wa njugu iliyosagwa, hao nawaambia njugu ni ya kutia kwa mboga.

Hewa moto inafanya kazi, hiyo sitakudanganya. Ile blowa ya jamaa wa tinti inayeyusha ngozi iliyochomeka kidogo, nyufa zinafunga, weusi unarudi mbele ya macho yako, video zake ni tamu sana. Shida ni kwamba polipropilini inayeyuka karibu digrii 160 na hiyo blowa inaweza kupita 500, ukisimamisha mkono sekunde chache umepoteza ule ukwaruzo wa kiwandani, pale panakuwa laini panang'aa kama kovu, ama kipande kinapinda na hakirudi. Na haujatibu kitu, hujaongeza kinga yoyote, jua litaanza tena palepale. Mimi naiacha iwe ya mwisho, kwa kipande kinene, kikiwa kimetolewa kwa gari, na mkono usiotulia mahali. Pale kwa waipa usijaribu, kioo kiko karibu.

Rangi ya shemeji subiri, kuna mzee wa Kakamega hapo chini amenitumia picha ya vile inaishaga.

Chenye ningefanya kama gari ni yangu: kuosha, kuosha, na kuosha, halafu dawa ya kudumu. Watu wanapenda kuharakisha hapo kwa dawa na kuosha wanafanya dakika mbili, halafu wanasema dawa ni feki. Ile silikoni ya dawa ya tairi yenye umepakiwa miaka yote hiyo imeingia kwa kila nyufa na hakuna kitu kitashika juu yake. Osha kawaida kwanza mchanga utoke, kisha chukua sabuni ya kutoa grisi, ile ya kuchanganya na maji, puliza na usugue na brashi ya nailoni isiyo ngumu sana, brashi ya kucha iko sawa, ya chuma hapana. Suuza, rudia. Panguza na kitambaa cheupe, kitambaa kikitoka na udongo ama na utelezi rudia tena. Mimi kwa gari iliyozoea dawa ya tairi huwa narudia mara tatu au nne. Utajua umefika ukiona plastiki imekuwa mbaya kuliko ulivyoanza, kijivu kavu kabisa, na maji yanatandaa juu yake badala ya kufanya matone. Usiogope hapo.

Iache ikauke vizuri, kwa zile pembe na mashimo ya skrubu maji hujificha, halafu panguza mara ya mwisho na alkoholi ya isopropili, ile mafundi wa simu wanasafishia bodi za simu, waulize wao wanajua inauzwa wapi. Usichukue spiriti ya hospitali hivihivi, kuna zingine zimewekwa mafuta ya mbarika ndio zisikaushe ngozi ya mgonjwa, utakuwa umerudisha mafuta yenye umetoka kupigana nayo asubuhi yote.

Dawa zenyewe kwa mawazo yangu ni mbili za maana. Kuna zile zenye weusi ndani yake, kama Solution Finish, hizo zinarudisha rangi hasa, unaweka kidogo kwa sponji, unasugua iingie, unapanguza ya ziada. Kuna zile za seramiki, kama vitambaa vya Cerakote, hizo zinakauka zikawa ngozi ngumu juu ya plastiki na zinaikinga. Plastiki yako ikipita ile jaribio ya maji nenda na seramiki moja kwa moja. Ikiwa imekwisha sana anza na yenye weusi. Yoyote utakayochukua, bandika maskingi tepu pale plastiki inakutana na rangi ya bodi, hasa kama gari yako ni nyeupe, na vaa glavu, usipovaa utaenda kanisani na vidole vya mtu wa makaa.

Fanyia kivulini, plastiki ikiwa baridi kwa mkono, asubuhi na mapema. Soma kwa chupa muda wa kukauka, nyingi za seramiki zinataka karibu siku nzima bila maji, kwa hivyo kama huna pa kulaza gari ndani ngoja siku haina mawingu ya jioni. Baada ya hapo waambie vijana wa kuosha wasipake dawa ya tairi kwa plastiki tena, na uwe hapo ukiwaangalia, juu wanapaka kwa mazoea na roho safi kabisa.

SWALI: Habari fundi, mimi niko Kisumu. Nilipeleka X-Trail yangu nyeusi ipigwe polishi, ikatoka vizuri sana, lakini sasa kwa plastiki za pembeni na kwa bampa chini kuna madoa meupe kama chokaa. Nimesugua na sabuni ya unga haitoki. Je, plastiki imeungua?
— Dada wa Milimani, Kisumu

JIBU: Hapana dada, haijaungua, hiyo ni nta ya polishi imekaukia kwa yale matundu ya plastiki, aliyepiga hakufunika na tepu. Sabuni ya unga haiwezi nta. Tafuta raba ya penseli, ile nyeupe ya watoto wa shule, sugua doa moja uone, itatoka na nta kama inavyotoa maandishi. Kwa sehemu kubwa utachoka na raba, kwa hivyo pasha moto kidogo na ile mashine ya kukaushia nywele, ya nywele nasema, sio blowa ya tinti, nta ikilainika sugua na mswaki wa zamani na maji moto ya sabuni ya vyombo, panguza kabla haijapoa. Siku nyingine uliza kama wana tepu kabla hujawapa funguo.

SWALI: Fundi, nilinunua kopo la rangi nyeusi ya kupuliza nikapulizia bampa ya nyuma na vifuniko vya vioo vya Land Cruiser. Miezi mitatu haijaisha inatoka kama maganda ya kitunguu. Fundi wa rangi anasema niongeze mkono mwingine juu.
— Mzee wa Kakamega

JIBU: Mzee wangu, usiongeze. Polipropilini ni ndugu ya yale mabeseni na jeri-keni za nyumbani, haishikani na rangi, ukiweka mkono wa pili unabandika ngozi juu ya ngozi inayotoka na zote zitakuja pamoja. Itabidi itolewe yote, ikwaruzwe na msasa wa maji namba 400, isafishwe mafuta, halafu ndio ipigwe praima ya kushikisha ya plastiki, hiyo ni tofauti na praima ya chuma na hapa ndipo mafundi wengi hukata kona kwa sababu chupa ndogo bei yake inauma. Inapigwa nyembamba sana, na rangi inafuata juu yake kwa muda ulioandikwa kwa chupa, sio kesho yake. Chukua nyeusi isiyong'aa sana, ya kung'aa itafanya bampa ionekane kama imevaa nailoni.

Halafu geuza vile vifuniko vya vioo uangalie upande wa ndani, huwa kumeandikwa herufi. Ukiona PP, yaani polipropilini, au PP+EPDM, yaani imechanganywa na mpira, ndio hii nimesema. Ukiona ABS, hiyo ni plastiki ya aina nyingine, inashika rangi vizuri zaidi na kazi yako ni nusu, ila usiikaribie na hewa moto kabisa, inalegea mapema, karibu digrii 105. Na bampa ikiwa na sensa za kurudi nyuma zitoe kwanza au uzifunike, rangi nene juu ya sensa inaweza kuifanya ianze kupiga kelele hata nyuma hakuna kitu.